Kabla Useme "Huyo Amekwisha"

Hapa Kenya neno fomu linafanya kazi nyingi sana. Kuna fomu ya kujaza kwa ofisi ya chifu. Kuna fom foo, ile ya KCSE. Kuna "fom ni gani?" ya Ijumaa jioni, ambayo maana yake ni nani ana pesa na tunaenda wapi. Halafu kuna fomu ya michezo. Hiyo ndiyo nataka tuongelee leo, kwa sababu naona mashabiki tunaitumia kama rungu. Mchezaji akishinda mara tatu, yuko fomu. Akipigwa mara moja, huyo amekwisha, apishe vijana.

Msimamo wangu ni huu, na niko tayari kubishana na yeyote: matokeo na fomu ni vitu viwili tofauti. Matokeo ni kile kimeandikwa kwa ubao. Fomu ni kile kinaendelea ndani ya mwili na akili ya mtu, na mara nyingi ubao hauna habari nacho. Mchezo ulionifungua macho kuhusu hii maneno si kandanda. Ni mpira wa vinyoya. Ndio, badminton. Usicheke bado.

Olimpiki ya Paris, 2024. Mbogi yetu ya watu watano ilikuwa inakutana kwa bedsita ya beshte yangu Roysambu, kwa sababu ploti yao ina intaneti na yetu ina ahadi ya intaneti. Riadha ilikuwa haijaanza, Shujaa walikuwa wamemaliza mechi zao za raga, na Malkia Strikers hawachezi kila siku. Kwa hivyo tukawa tunaangalia chochote. Jirani ya huyo beshte, dada mmoja anayecheza vinyoya kila Jumapili kwa ukumbi fulani Parklands, akaingia siku moja kuomba chumvi, akaona vinyoya kwa skrini, akaketi. Chumvi akaisahau. Wengine kwenye chumba: mwenye nyumba, mimi, binamu yangu ambaye alikuja kwa ajili ya chapo, na jamaa wa mikeka. Kila mbogi iko na jamaa wa mikeka. Yeye hajawahi kushika raketi maishani, lakini anaweza kukuambia mechi tano za mwisho za mtu yeyote anayecheza chochote mahali popote duniani.

Sheria haraka haraka kwa wageni. Mnacheza hadi seti tatu, anayeshinda mbili ndiye mshindi. Kila seti ni pointi 21, na kila kinyoya kikianguka lazima mtu apate pointi, haijalishi nani alianzisha. Mkifika 20 kwa 20, lazima mmoja apite kwa pointi mbili, mwisho ni 30. Wa kwanza kufika 11 mnapumzika kidogo. Kinyoya chenyewe kina manyoya 16 na uzito wa gramu tano hivi, karibu na bure. Lakini mwaka wa 2023 Mhindi anayeitwa Satwiksairaj Rankireddy alipimwa akikipiga kwa kasi ya kilomita 565 kwa saa. Hakuna matatu ya Thika Road imewahi kufika hapo, hata ile ya saa kumi na moja asubuhi.

Sasa tuanze na jamaa wa mikeka, kwa sababu yeye ndiye wakili mkuu wa ile imani kwamba matokeo ni fomu.

Machi 2024 kulikuwa na All England kule Birmingham. Kwa watu wa vinyoya, All England ni kama Wimbledon kwa watu wa tenisi, heshima yake ni ya zamani. Fainali ya wanaume ilikuwa Jonatan Christie dhidi ya Anthony Ginting, wote wa Indonesia. Waindonesia wawili walikuwa hawajakutana kwa fainali hiyo tangu 1994. Kumbuka pia kwamba Ginting, njiani kuelekea fainali, alimtoa Viktor Axelsen wa Denmark katika robo fainali. Axelsen, bingwa wa Olimpiki ya Tokyo! Christie akachukua taji.

Ukiwa na hesabu ya kawaida ya shabiki, unasemaje? Unasema Waindonesia wanawaka, Mdenmark anazima. Jamaa wa mikeka alisema hivyo hivyo, na akaweka pesa yake hapo.

Paris ikafika. Hatua ya kwanza ni makundi, na kwenye kundi anapita mmoja tu. Christie akakutana na Lakshya Sen wa India, akapigwa 18-21, 12-21. Nyumbani. Ginting akakutana na Toma Junior Popov wa Ufaransa, mbele ya Wafaransa wenyewe wakipiga kelele mpaka simu inatetemeka. Nyumbani pia. Wachezaji wote wawili wa fainali ya All England hawakutoka kwenye makundi. Na yule Mdenmark aliyekuwa "anazima"? Alishinda fainali 21-11, 21-11 dhidi ya Kunlavut Vitidsarn wa Thailand. Akawa mwanaume wa pili kutetea dhahabu ya Olimpiki ya mchezaji mmoja mmoja, baada ya Lin Dan wa China.

Mkeka ulichanika vibaya. Jamaa akakaa kimya, halafu akasema, "Hawa Waindonesia wameisha."

Yule dada wa chumvi akamgeukia. "Boss, wiki jana ulisema ndio moto wa kuotea mbali. Wamekwisha lini? Jana usiku?"

Hapo ndipo mjadala ulianza kuwa mtamu. Dada alikuwa na hoja. Vinyoya, alisema, si mchezo wa kusoma kwa jedwali. Kwanza, kuna upepo wa ukumbini. Kinyoya ni chepesi, viyoyozi vikiwashwa kinakimbia upande mmoja, na kuna wachezaji wanaozoea upesi na wengine wanateseka seti nzima. Pili, kuna mtindo. Kuna mtu anakupiga wewe kila siku, na mimi ninayepigwa na wewe nampiga yeye. Tatu, makundi ya Olimpiki yanakupa nafasi moja tu ya kuteleza. All England ukianza vibaya seti ya kwanza unaweza kujirekebisha jioni hiyo hiyo na hakuna atakayekumbuka. Olimpiki ukiteleza siku hiyo, unangoja miaka minne.

Kwa hivyo Christie alikuwa vibaya? Hapana. Alipigwa. Hayo ni maneno mawili tofauti, na Kiswahili kinayatofautisha vizuri tu, sisi ndio hatutaki.

Lakini hiyo ilikuwa utangulizi. Mechi iliyonifanya niandike hii ni ya tarehe 4 Agosti, nusu fainali ya wanawake, Carolina Marín wa Uhispania dhidi ya He Bingjiao wa China.

Kama humjui Marín, nikupe kwa ufupi. Uhispania si nchi ya vinyoya. Wenye mchezo ni China, Indonesia, Korea, Japan, Malaysia, Denmark, India. Halafu kunatokea msichana kutoka Huelva, kusini mwa Uhispania, anashinda ubingwa wa dunia mara tatu, 2014, 2015 na 2018, na dhahabu ya Olimpiki Rio 2016, akimshinda P. V. Sindhu wa India kwa seti tatu. Na anapiga kelele kila pointi. Kelele ya kweli. Binamu yangu alikuwa anaruka na chapo mkononi kila akisikia.

Januari 2019, fainali ya Indonesia Masters, anaongoza 10-4 dhidi ya Saina Nehwal. Goti likaachilia. Kano ya ndani ya goti, ile ambayo wachezaji wa mpira wakisikia jina lake wanashika kichwa. Watu wakasema amekwisha. Septemba mwaka huo huo akarudi na kushinda China Open. 2021, wiki chache kabla ya Tokyo, goti tena. Akakosa Olimpiki yote, bingwa mtetezi akiwa bado anauguza goti. Watu wakasema sasa amekwisha kabisa. Machi 2024 akashinda All England, ambako Akane Yamaguchi wa Japan alishindwa kuendelea na fainali kwa sababu ya jeraha.

Sasa tuko Paris. Ana miaka 31. Seti ya kwanza anachukua 21-14. Seti ya pili yuko mbele, amefika pointi 10, fainali inaonekana kwa dirisha. Yule dada wa chumvi alikuwa amesimama. Alisema, "Angalia miguu yake, angalia vile anafika kwa kinyoya kabla hakijafika." Mtu ambaye hajui chochote kuhusu vinyoya angeona. Huyo mwanamke alikuwa anacheza mchezo bora kuliko wote waliobaki kwenye mashindano.

Halafu akaruka, akatua, na akaanguka.

Hatukusikia kelele ya kawaida. Tulisikia nyingine. Chumba kizima kikanyamaza, hata binamu akaweka chapo chini. Walimwinua, akavaa kifaa cha kubana goti, akajaribu kuendelea. Pointi mbili. Hawezi hata kusogea. Ubao ukisema 10-8, yeye akiwa bado mbele, akapiga magoti, akaweka uso chini kwenye korti na akalia. He Bingjiao akaja akamkumbatia. Mechi ikaisha hapo.

Sasa enda utafute matokeo ya siku hiyo. Utaona He Bingjiao ameshinda, Marín amepoteza. Kwa mtu wa jedwali, hiyo ni herufi moja nyekundu kwenye mechi zake tano za mwisho. Na jamaa wa mikeka, bila ubaya wowote, akavunja ule ukimya: "Ni umri. Magoti yalikuwa yameisha kitambo."

Dada alimjibu kwa maneno mawili tu. "Alikuwa anaongoza."

Mimi nilikaa na hayo maneno mawili usiku mzima. Alikuwa anaongoza. Alikuwa katika kiwango cha juu kabisa, dakika ile ile mwili ulipokataa. Kama fomu ni matokeo, basi Marín hakuwa na fomu. Lakini kila mtu aliyeangalia ile mechi anajua huo ni uongo. Hata mshindi alijua. He Bingjiao alipoenda kupokea medali yake ya fedha siku iliyofuata, alipanda jukwaani akiwa ameshika beji ndogo ya Uhispania. Yeye aliyecheza naye korti moja hakuona mtu aliyekwisha. Aliona mtu aliyestahili kuwa pale.

Najua kuna mtu anasema, sawa, lakini wewe unataka tusimkosoe mchezaji yeyote. Kila aliyepigwa alikuwa na goti. Hapana. Wacha nikupe upande wa pili, kwa sababu upo na una nguvu.

Lakshya Sen, yule aliyemtoa Christie. Akafika nusu fainali na Axelsen, kijana wa miaka 22 akimkabili bingwa. Seti ya kwanza alikuwa 20-17 mbele. Anahitaji pointi moja tu. Akapoteza seti 20-22. Seti ya pili akaanza kwa moto, 7-0. Saba bila! Akapoteza 14-21. Kesho yake, mechi ya shaba dhidi ya Lee Zii Jia wa Malaysia, akashinda seti ya kwanza 21-13, halafu akapoteza mbili zilizofuata, 16-21 na 11-21. Mara mbili kwa siku mbili alikuwa na kitu mkononi na kikamponyoka.

Hapo hata dada hakuwa na huruma nyingi. Na si yeye peke yake. Prakash Padukone, gwiji wa India aliyekuwa kwenye benchi la Lakshya, alisema hadharani baada ya mechi ya shaba kwamba serikali na chama wamefanya yao, sasa ni wakati wa wachezaji wenyewe kuwajibika. Wengine walimwona mkali sana. Mimi naona alifanya kile mashabiki tunapaswa kufanya: alizungumzia kitu maalum. Hakusema kijana amekwisha. Alisema kuna kazi haijafanywa. Lakshya alikuwa na fomu ya kufika 20-17 dhidi ya bingwa wa Olimpiki. Alichokosa ni namna ya kufunga mlango. Hilo ni jambo unaweza kulitaja, kulijadili, hata kulifanyia mazoezi. "Amekwisha" huwezi kuifanyia mazoezi.

Kwa hivyo sisemi tuache kukosoa. Nasema tukosoe kile tumeona.

Na jambo hili linaenda upande wa pili pia, upande ambao huwa hatuufikirii kabisa: mtu anaweza kuwa anashinda kila kitu na mwili wake uko vibaya.

An Se-young wa Korea Kusini. Oktoba 2023, fainali ya Michezo ya Asia kule Hangzhou dhidi ya Chen Yufei, aliumia goti seti ya kwanza. Akaendelea. Akashinda 21-18, 17-21, 21-8. Korea ikashangilia, mashabiki wakasema huyu si binadamu. Tarehe 5 Agosti 2024, Paris, akamshinda He Bingjiao 21-13, 21-16 na kuchukua dhahabu ya Olimpiki, ya kwanza ya Korea kwa mchezaji mmoja wa kike tangu Bang Soo-hyun mwaka wa 1996. Tulikuwa tunashangilia kwa bedsita. Jamaa wa mikeka alikuwa ameshinda kitu kidogo, akanunua soda.

Halafu An akaenda mbele ya waandishi wa habari, medali ikiwa bado mpya, na badala ya kushukuru kila mtu kama kawaida, akasema jeraha lake lilikuwa baya kuliko ilivyodhaniwa, kwamba chama cha badminton cha nchi yake kililichukulia kirahisi, na kwamba huenda akashindwa kuendelea na timu ya taifa. Mpaka wizara ya michezo ya Korea ikaanzisha uchunguzi.

Fikiria hapo kidogo. Miezi kumi watu wote, mashabiki na wakubwa, walikuwa wanaangalia ubao na kusema yuko sawa, si anashinda? Matokeo yalimficha. Hapa ndipo naona hatari ya kweli ya hii tabia yetu. Tukisema matokeo ndiyo fomu, tunamwambia mchezaji kwamba maumivu yake hayahesabiki mpaka apoteze. Na akipoteza, tunamwambia amekwisha. Hakuna siku anaruhusiwa kusema tu, "Naumia."

Muulize Kento Momota. Mwaka wa 2019 Mjapani huyu alishinda mataji 11 kwa mwaka mmoja, kitu ambacho hakuna mwanaume alikuwa amefanya. Januari 2020 alishinda Malaysia Masters, na saa chache baadaye gari lililokuwa linampeleka uwanja wa ndege likagonga lori. Dereva akafariki. Momota akavunjika mfupa wa karibu na jicho, akaanza kuona vitu viwili viwili, akafanyiwa upasuaji. Sasa fikiria mchezo wa kufuata kitu cha gramu tano kinachoruka kwa kasi ile, na wewe unakiona mara mbili. Tokyo, kwa nchi yake mwenyewe, akiwa nambari moja duniani, akatolewa kwenye makundi na Heo Kwang-hee wa Korea, 15-21, 19-21. Kwa ubao, hiyo ni aibu ya mwaka. Kwa mtu anayejua hadithi, kushika raketi tu ilikuwa kitu.

Na msidhani hii ni tabia ya mashabiki wa Asia peke yao. Tuko nayo hapa hapa. Ile ile Agosti 5, vinyoya vikiwa vimeisha, usiku tuliangalia fainali ya mita 5,000 ya wanawake. Beatrice Chebet dhahabu, Faith Kipyegon wa pili, halafu Kipyegon akatolewa kwa sababu ya kusukumana na Gudaf Tsegay. Ndani ya dakika kumi tayari kulikuwa na watu kwa ploti wanasema Faith amechoka, ametaka mbio nyingi. Rufaa ikakubaliwa, fedha ikarudi, na hao hao wakawa wanacheza kwa ngazi. Siku tano baadaye akashinda mita 1,500 kwa rekodi ya Olimpiki, 3:51.29, dhahabu yake ya tatu mfululizo. Na siku hiyo hiyo Eliud Kipchoge akasimama kwenye marathoni baada ya kilomita 30, mgongo ukimuuma. Mnakumbuka vile tulimwongelea? Mtu aliyetupa Rio na Tokyo, tukampa jina la mzee kabla hajafika hotelini.

Mimi natengeneza video, kwa hivyo najua kwa nini tunafanya hivi. "Amekwisha" ni neno fupi. Linaenea. Ukisema "alikuwa anaongoza mpaka goti likakataa, na kabla ya hapo alikuwa bora kuliko wote," lazima mtu akae akusikilize. Ukisema "amekwisha," anakujibu hata kabla hajamaliza kusoma. Hasira inalipa haraka kuliko maelezo.

Na pia najua kwa nini hii inaniuma zaidi ya mchezo. Niliacha chuo mwaka wa pili. Mjomba wangu mmoja, kila sherehe, hunitambulisha kwa wageni kama "yule aliyeshindwa na chuo." Yeye anasoma ubao. Hajawahi kuniuliza mchezo ulikuwaje: karo ilikuwa imefika wapi, nani alikuwa mgonjwa nyumbani, nilikuwa nafanya kazi gani usiku. Sina haja ya kumpinga mbele ya wageni, yeye ni mkubwa wangu. Lakini najua kwamba wengi mnaosoma hii mko na mjomba kama huyo, na mko na karatasi fulani, ya KCSE au ya kitu kingine, ambayo watu wanaisoma kama ndiyo nyinyi. Kwa hivyo tusijifunze kuwa huyo mjomba kwa watu tunaowaangalia kwa skrini.

Tufanyeje basi? Dada wa chumvi alitupa maswali yake, na mpaka leo mbogi inayatumia hata kwa Ligi ya Uingereza. Kabla useme kitu kuhusu fomu ya mtu, jiulize: Alicheza na nani, na mtindo wa huyo unamsumbua? Pointi zilipotea wapi, mwanzo, katikati au mwisho? Miguu ilikuwa inafika? Kwa sababu mkono unaweza kukosea siku moja, lakini miguu ikiacha kufika, hapo kuna shida ya kweli. Na la mwisho: ni kitu gani sikijui? Hili la mwisho ndilo linamtesa jamaa wa mikeka, kwa sababu hakuna jedwali lake.

Wacha niwape moja ya kumalizia. Shi Yuqi wa China aliingia Paris 2024 akiwa nambari moja duniani. Robo fainali, Kunlavut akamchapa 12-21, 10-21. Haikuwa mechi, ilikuwa darasa. Unajua tayari watu walisema nini. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2025, ubingwa wa dunia ukachezwa Paris, ukumbi ule ule wa Adidas Arena. Fainali ya wanaume: Shi Yuqi dhidi ya Kunlavut. Seti ya kwanza Shi akapoteza 19-21. Ya pili akashinda 21-10. Ya tatu 21-18. Bingwa wa dunia.

Sisemi kila anayepigwa atarudi. Wengi hawarudi. Momota hakurudi kuwa yule wa 2019, na mwaka wa 2024 aliacha mechi za kimataifa akiwa na miaka 29. Lakini angalia nani alisema imetosha. Ni yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, wakati wake. Hiyo ni haki ya mchezaji, si yetu. Sisi tukiona mtu amepoteza, tuna neno letu tayari, na ni la kweli. Amepigwa. Sema hivyo, halafu ungoje mechi ijayo.